Miaka mitatu nikipeleka maneno ya vipimo barazani, na pale nilipokosea

Naandika hii kwa ajili ya mtu wa maabara, nesi, daktari, mtu wa eksirei, yeyote ambaye amewahi kukaa akawaza kwamba haya maneno yetu ya vipimo yangewekwa sawa kwa Kiswahili ili mgonjwa aelewe anachoambiwa. Mimi niliwaza hivyo nikaingia mzima mzima, nikatoka baada ya miaka mitatu, na kwakweli ningepata mtu wa kunielekeza mapema ningetumia mwaka mmoja tu. Kwaiyo naeleza yote kama yalivyokuwa, na hela zilizonitoka pia.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, hospitali moja ya wilaya huku mkoa wa Dodoma, jina naliacha. Nimekaa dirisha la majibu miaka mingi. Mwishoni mwa 2021 alikuja kaka mmoja kumchangia damu ndugu yake aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Damu ya kuchangia inapimwa kwanza VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na ya kwake ikakutwa na homa ya ini B. Siku hiyo foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye mti wa mwarobaini nje, nikamwambia kupitia dirishani, kaka damu yako haitatumika leo, majibu yamekuja chanya, pita kwa daktari chumba namba sita. Akaniambia asante dokta Mungu akubariki, akaondoka anatabasamu. Nakumbuka lile tabasamu mpaka leo.

Baada ya miezi mitano akarudi kuchangia tena. Mimi ndo nikampokea. Nikafungua daftari nikaona jina lake nikamuuliza, kaka si uliambiwa umuone daktari? Akasema mimi niliambiwa damu yangu ni chanya, nikajua leo zimewatosha. Kumbe kule wodini walikuwa wamemwambia kundi lake la damu ni O chanya, na mimi nikaja kumwambia chanya, yeye akaunganisha, akaona ni jambo lilelile la kundi la damu. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Tukamwita mama wa watu tukampima, hakuwa nayo, nikakaa chini kwenye kile kistuli changu mikono inatetemeka. Akaanzishiwa chanjo, mume akapelekwa kliniki anakofuatiliwa mpaka sasa. Lakini ile miezi mitano ni yangu. Hakuna aliyenilaumu kazini, na kwa taratibu zetu nilikuwa nimetoa majibu, kwenye daftari kuna tiki. Ila neno nililompa halikumfikia na nilikuwa sijui kama halikumfikia.

Hapo ndo nikaanza. Tukawa watu wanne, mimi, dada mmoja nesi wa wodi ya wazazi, daktari kijana aliyekuwa ndo kwanza ameajiriwa, na jirani yangu wa Nkuhungu anayefundisha Kiswahili sekondari, ambaye ninamwita mwalimu mpaka leo hata tukiwa sokoni Majengo. Tukafungua grupu la wasapu, tukakubaliana tutaandaa orodha ya istilahi za vipimo tuipeleke kwenye baraza la serikali linaloshauri mambo haya, na nitakayosema mengi ni makosa yetu sisi. Watu wengi hawajui kwamba neno haliwi sanifu kwa sababu wewe umelipenda. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo kwa sheria tangu 1967 na kazi yake mojawapo ni hiyo ya kusanifu, na neno likishapita ndo linakuwa la kuandikwa kwenye fomu, vitabu vya shule na matangazo ya serikali. Sisi hilo tulilijua juujuu tu.

Kosa la kwanza tulianzia kwenye kamusi. Tulichukua orodha ya vipimo vya Kiingereza, tukaipanga kwenye eksel, tukaanza kushuka mstari kwa mstari, jioni baada ya kazi, kila mmoja kachukua herufi zake. Tulipochoka daktari akapitisha sehemu kwenye programu ya kutafsiri ya kwenye kompyuta, na tukaja kugundua baadaye sana kwamba kipimo cha kuotesha mkojo, yaani kuotesha vimelea vilivyomo ndani yake, kimeandikwa utamaduni wa mkojo, maana kwa Kiingereza vyote viwili ni culture. Kilikuwa kwenye ukurasa wa 9 na tulikuwa tumeshauprinti. Tulifika maneno 312 kwa miezi mitano na tulijiona tumemaliza.

Ubaya wa kuanzia kwenye kamusi sio kwamba kamusi ni mbaya, ni kwamba unatafsiri neno hujatafsiri kitu. Mfano ambao ulitugharimu ni unyeti. Tuliandika unyeti mara moja tukapita. Sasa kwenye maabara kuna unyeti wa kipimo, yaani kati ya watu mia ambao kweli wanaumwa, kipimo kinawakamata wangapi, na kuna habari nyingine kabisa ya kuangalia kama bakteria huyu anakufa kwa dawa hii au hafi. Kwa Kiingereza wanatumia neno moja, sensitivity, kwa vyote viwili na mtu wa maabara hapati shida, anajua anaongelea nini. Sisi tukabeba ule mkanganyiko tukauleta kwenye Kiswahili ambako haukuwepo, maana hili la pili Watanzania tayari wanalo neno lake zuri, wanasema usugu, vimelea sugu, na serikali yenyewe inasema usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Neno lilikuwa mezani tumekula nalo chakula tukaenda kuazima kwa jirani.

Kosa la pili ndo liliniumiza kichwa. Tulichapa kijitabu. Nakala 50, karatasi nzuri, na kwenye jalada tukaandika Istilahi Sanifu za Maabara, tukagawa kwenye semina moja pale mjini. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na afisa mmoja, kwa heshima kabisa, akaniambia mama, nani amesanifu? Nikakosa jibu. Akanieleza kwamba orodha ambayo haijapitishwa inaitwa mapendekezo, na kwamba watu wameshaanza kukinukuu kijitabu kama cha serikali, tukusanye vyote. Nilizunguka na bajaji Area D, Kisasa, Makulu, mpaka Nzuguni nikiokota vijitabu, nilipata 41. Vile 9 sijui viko wapi na kwenye kimoja kuna ule utamaduni wa mkojo. Kwaiyo ndugu yangu, andika MAPENDEKEZO kwa herufi kubwa kwenye kila ukurasa, na tarehe, na namba ya toleo, kabla hata hujamtumia rafiki yako.

Kosa la tatu ni la karatasi. Tulipeleka faili letu kama watu binafsi wanne wenye nia njema. Likakaa miezi minne. Nilikuwa napita pale nikiwa na kazi nyingine mjini, nauliza, naambiwa lipo. Na kweli lilikuwepo, ila halikuwa na barua ya mwajiri, haikuonyesha ni taasisi gani inayoleta, na maneno yenyewe hayakuwa na fasili. Yaani tuliandika neno la Kiingereza, na la Kiswahili mbele yake, basi. Mjumbe atajuaje tunaongelea nini? Hakuna mtu aliyetukalia faili, faili lenyewe lilikuwa halijiwezi kutembea. Ukitaka kwenda, pata kwanza barua ya mganga mfawidhi au mkuu wako wa chuo, kila neno liwe na fasili ya sentensi moja au mbili, na sentensi ya mfano ambayo mtu halisi anaweza kuitamka. Hiyo sentensi ya mfano ndo dawa, maana neno bovu likiwekwa kwenye sentensi linajisema lenyewe.

Kikao cha kwanza tuliitwa katikati ya 2023, Mtumba kwenye mji wa serikali. Niliamka saa kumi alfajiri, nikavaa kitenge changu kizuri, nimebeba nakala sita, kila moja kurasa 48, kopi shilingi mia kwa ukurasa, yaani 28,800 hapo bado kubandika spairo. Kulikuwa na wanaisimu, madaktari wawili, mwakilishi wa wauguzi, na mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwembamba, miwani imefungwa kamba. Nikaanza kusoma. Tulipofika neno la saba yule mzee akainua mkono. Nilikuwa nimependekeza neno refu la kuunganisha, la kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu. Akaniuliza, binti yangu, hili neno nani ameshalitamka?

Nikasema bado, ndo tunapendekeza.

Akasema hapana, nauliza umeshawahi kumpa mgonjwa, au nesi mwenzio, akalirudia kinywani mwake? Nikanyamaza. Akauliza la nane. Nikanyamaza. La tisa akauliza mwingine. Tulirudishwa na orodha nzima kabla ya saa sita mchana. Nje nilikaa kwenye ukingo wa maua nikalia, nesi mwenzangu amenishika bega, upepo wa Dodoma unapeperusha makaratasi, na kilichoniuma sio kukataliwa, ni kwamba yule mzee alikuwa ameshika palepale pa yule kaka wa homa ya ini. Mimi nimeingia kwenye hii kazi kwa sababu ya neno ambalo halikumfikia mtu, halafu nikaenda kuandika maneno 312 bila kumuuliza mtu hata mmoja.

Nikarudi dirishani. Safari hii nikanunua daftari la kurasa 200 na kwa wiki sita nikawa naandika maneno ya wagonjwa kama wanavyoyasema, na maneno yetu wenyewe tunavyoitana kule ndani. Kama utafanya kitu kimoja kati ya vyote nilivyoandika hapa fanya hiki. Wiki sita tu. Nitaeleza kidogo nilichokuta maana ndo utajiri wenyewe.

Malaria. Mgonjwa wetu haulizi kama ana malaria, anauliza nina ngapi. Nina malaria mbili, juzi nilikuwa na nne. Wanasema wadudu wanne. Sasa zile ni alama za kujumlisha tunazoandika kwenye slaidi. Jumlisha moja maana yake umeona vimelea 1 mpaka 10 kwenye maeneo 100 ya hadubini, mbili ni 11 mpaka 100 kwenye maeneo hayo 100, tatu ni 1 mpaka 10 kwenye kila eneo moja, nne ni zaidi ya 10 kwenye kila eneo. Yaani kutoka mbili kwenda nne sio mara mbili, inaweza kuwa mara mia au zaidi. Mama mmoja wa Chamwino aliniambia mwanae amepungua toka tatu mpaka mbili na amekuja kulalamika dawa haifanyi kazi, wakati kupungua huko kunaweza kuwa kukubwa mno. Hakuna neno la kutafsiri hapo, kuna namna nzima ya kusema. Tulichopendekeza ni kwamba mgonjwa aambiwe kwa maneno, vichache, vya wastani, vingi, vingi sana, na zile alama zibaki za watu wa ndani.

Sukari. Bibi mmoja kaja na vikaratasi viwili, kimoja cha zahanati kimeandikwa 7, cha pili cha duka la dawa kimeandikwa 126, anatetemeka, anasema sukari imepanda mara kumi na nane mjukuu wangu nakufa. Kumbe ni kiwango kilekile, mashine moja inasoma kwa milimoli kwa lita na nyingine kwa miligramu kwa desilita, ukizidisha 7 kwa 18 unapata 126. Na kwa mtu aliyefunga kula hiyo 7 ndo mpaka wenyewe wa kisukari, kwaiyo sio namba ya kupuuza, lakini haikupanda. Kipimo kimeandikwa namba bila kizio. Nikaelewa kwamba kusanifu istilahi bila kusanifu vizio ni kumjengea mtu nyumba bila mlango.

Makohozi. Hii imenisumbua kazini kuliko zote. Unampa mtu kikopo unamwambia lete makohozi ya kifua kikuu, anakuletea mate. Meupe, yana povu, mepesi kama maji. Kwenye mate ni vigumu kupata kitu, mtu anaondoka na jibu kwamba hana TB wakati hatujapima kilicho kifuani mwake. Nilidhani hawaelewi neno. Kumbe neno wanalijua vizuri sana, tatizo ni sentensi yetu, tunasema tema humu. Tema ni ya mate! Ukimwambia mtu tema atatema. Nesi mmoja mzaliwa wa Bahi anayeongea nao Kigogo alikuwa anasema vuta pumzi mara tatu, kohoa kutoka chini kifuani, ndo uweke humu, na vikopo vyake vilikuwa vinakuja vizito, vya njano, vinavyopimika. Tofauti ilikuwa kitenzi.

Nikawa na daftari limejaa ila sijui nilipange vipi. Mwalimu jirani akaniunganisha na mwalimu wake wa zamani wa chuo Dar es Salaam, nikapanda treni ya SGR, 31,000 kwenda na kama hiyo kurudi, yule mama akanipa saa mbili za mchana wake na hakunitoza kitu. Akanieleza njia za kuunda istilahi ambazo wao wanasomesha, kutohoa, kuambatanisha maneno, kunyumbulisha kutoka kitenzi, kupanua maana ya neno la zamani, kufupisha kama walivyofanya UKIMWI, na kwamba ukikosa kwenye Kiswahili unaangalia kwanza lugha zetu za Kibantu kabla hujaenda mbali, ndo maana tuna ikulu kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya. Akaniambia angalia UKIMWI, ni kifupisho lakini kinatamkika kama neno la kawaida, mtoto analiweza, limekaa. Neno lisilotamkika kwa pumzi moja watu watalikata wenyewe na watalikata vibaya.

Lakini kilichonifungua zaidi ni kitu cha maabara. Yule daktari wetu kijana alinionyesha mfumo wa kimataifa wa kutambulisha vipimo unaoitwa LOINC, ulianzishwa 1994 na taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis Marekani. Kila kipimo kina namba yake, mfano hemoglobini kwenye damu kwa uzito ni 718-7, na ili kipimo kipate namba lazima kijibu mambo sita. Kinapimwa nini, kinapimwa kwa sifa gani yaani uzito au idadi au nini, kwa muda gani, kwenye sampuli gani, majibu yanatoka kwa namba au kwa maneno, na kwa njia gani pale ambapo njia inaleta tofauti. Sukari kwa uzito na sukari kwa moli zina namba tofauti kabisa, yule bibi wa vikaratasi viwili angekuwa salama. Nikachukua yale maswali sita nikayaandika kwa Kiswahili juu ya kila ukurasa. Istilahi ambayo hatukuweza kujibu maswali yake tukaiondoa, hatukuipa jina. Orodha ikashuka kutoka 312 mpaka 118 na kwa mara ya kwanza nikalala usingizi.

Kikao cha pili kilikuwa 2024. Yule mzee alikuwepo, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba binti yangu, umekuja na vinywa? Nikamwonyesha daftari.

Chanya peke yake ilichukua saa mbili. Wajumbe wengine walisema chanya na hasi ni maneno ya hisabati yaliyokwisha kaa, yapo kwenye vitabu vya shule, yasiguswe. Nikaeleza habari ya yule kaka. Nikasema mtu wa kawaida akisikia mtazamo chanya, mabadiliko chanya, anajua ni kitu kizuri, halafu sisi tunampa neno hilohilo kwa ugonjwa, na hilohilo kwa kundi la damu. Daktari mmoja akauliza sasa tuseme nini, tuseme anao au hana? Hapo mjumbe wa wauguzi akasema hapana, haiwezekani, kipimo hakijui kama hana, kinajua hakijaona. Na ni kweli, kuna siku za mwanzo za maambukizi kipimo hakioni kitu, na upande wa pili kuna kile kipimo cha haraka cha malaria kinachoendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinakamata protini ya kimelea iliyobaki kwenye damu sio kimelea chenyewe. Nikakumbuka sisi wenyewe tangu chuo slaidi isiyo na malaria tunaandika vimelea havijaonekana, hatuandiki hakuna. Nikasoma kwenye daftari, imeonekana, haijaonekana. Mzee akalirudia mara mbili kwa sauti, damu yako imeonekana ina virusi vya homa ya ini, akasema hili linatamkika. Likapita kwa majibu ya mgonjwa, na chanya na hasi zikaachwa kwa kundi la damu na kwa vitabu vya taaluma. Sikupata nilichotaka chote, nilitaka chanya iondoke kabisa, lakini sasa naona walikuwa sahihi, huwezi kung'oa neno ambalo watoto wanalo darasani.

Kuotesha ilipita kwa dakika kumi. Mwanaisimu mmoja alikuwa anapendelea ukuzaji wa vimelea, nikasema mkulima wa zabibu wa Hombolo ukimwambia tunaotesha mkojo wako tuone kama kuna kitu kitaota, hakuulizi kwa nini majibu hayatoki leo, anajua mche hauchipui siku moja, atarudi baada ya siku mbili tatu bila ugomvi. Ukimwambia ukuzaji anarudi kesho asubuhi. Nilikuwa na picha kwenye simu ya sahani ya kuoteshea, ile duara ya agari, chakula kilichoganda cha kuoteshea bakteria, vidonge vidogo vyeupe vya dawa vimepangwa juu yake, na kila kidonge ambacho dawa yake inafanya kazi kimezungukwa na uwanja mtupu ambao bakteria hawajaota, na kimoja kimezungukwa na bakteria mpaka kwenye kingo zake. Simu ikazunguka meza nzima. Mzee akaishika muda mrefu, akaniuliza huyu hapa ndiye sugu? Nikasema ndiye.

Kinyama ilikataliwa, na nashukuru. Watu wa hospitali wote tunasema tunakata kinyama tukapime, na mimi niliiandika kwa sababu ilikuwa kwenye daftari, imetoka kinywani. Mwanasheria aliyekaa kimya tangu asubuhi akasema someni kwa sauti, mgonjwa alikatwa kinyama. Chumba kikanyamaza. Sio kila kilicho kinywani mwetu sisi watumishi kinafaa kupewa mgonjwa, hapo nilikuwa nimezidisha upande wa pili. Ikabaki biopsi na maelezo yake. Vilevile chanya ya uongo, yaani kipimo kinaposema ugonjwa upo wakati haupo, ilikataliwa, kwa sababu mtu akisikia uongo atauliza nani kadanganya, na atakayepigiwa kelele ni binti wa maabara. Hilo lilirudishwa na bado halijapata jibu zuri.

Kati ya 118 yalipita 74. Nilidhani tumemaliza. Hapana. Neno likishapita linakaa kwenye karatasi ya baraza, wakati fomu ya kuomba kipimo pale hospitali ni ileile ya zamani, na mfumo wa kompyuta uleule, na mihuri ileile. Mimi nilipoteza karibu mwaka nikisubiri yashuke yenyewe. Ilibidi niende ofisi kwa ofisi, niombe fomu ikiisha stoo ile mpya ndo ichapwe na maneno mapya, niwaonyeshe mabinti wa zamu moja moja. Ningejua ningeenda kwa mtu wa fomu na mtu wa kompyuta siku ileile ninayoenda kwa mwalimu wa Kiswahili, wakae nasi mezani tangu mwanzo.

Hela nilizotoa mimi mwenyewe, ukitoa muda, ni kama laki saba na nusu, kopi, nauli, bando, vile vijitabu ambavyo ningeweza kutovichapa, na mara mbili chakula cha watu waliokuja kutusaidia bure. Siku za likizo nilitumia 19. Mume wangu alivumilia sana na kuna wakati hakuvumilia, tuligombana siku niliyoacha sherehe ya mtoto wa dada yake nikaenda kikaoni, na hapo nilikosea mimi, kile kikao ningeweza kumtuma nesi. Mkiwa wanne mgawane kweli, isiwe mtu mmoja anabeba kwa sababu ndo mwenye uchungu zaidi.

Wiki iliyopita kaja bibi kutoka ndani huko Chamwino, mjukuu wake kamshika mkono. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi bibi, akacheka meno mawili. Nikampa kikopo, nikamwambia vuta pumzi mara tatu, kohoa kutoka chini kifuani, ndo uweke humu. Akaenda nyuma ya ukuta kwenye upepo. Nilimsikia anakohoa kwa muda, anapumzika, anakohoa tena. Akarudi kashika kikopo kwa mikono miwili kama kikombe cha uji, nikakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, kikavutika kizito upande mmoja. Nikaandika namba juu ya mfuniko nikakipeleka ndani.